Mwana wa Kambo Azungumziwe Kabla ya Nikaha

Posa inapopelekwa hapa Lamu kwa mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa na mumewe, wazee huzungumzia mahari, siku ya nikaha na nyumba watakayokaa maarusi, lakini mwana wa miaka 12 au 13 atakayehamia nyumba hiyo pamoja na mamake aghalabu hatajwi kabisa. Mimi ni mama wa kambo, na naamini kwamba ugomvi mwingi unaozuka baadaye huanzia katika kimya hicho.

Jambo la kwanza linalohitaji kuamuliwa ni nani atakayemrudi mtoto. Tumefundishwa kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na baba wa kambo mwenye nia njema huanza kazi siku ile ile anapoingia nyumbani: anauliza kwa nini kijana hakurudi baada ya Isha, alikuwa na nani gatini, na simu ile amepewa na nani. Jibu analopata ni lile linalojulikana na kila mzazi wa kambo: "Wewe si babangu." Methali ile inamfaa mzazi ambaye mwana amelia na kubembelezwa mikononi mwake tangu uchanga, na mgeni wa juzi hana haki hiyo hata kama ndiye anayelisha nyumba. Ndiyo maana naona kwamba katika miaka ya mwanzo makatazo na adhabu yatoke kwa mzazi aliyemzaa, na yule wa kambo amuunge mkono mbele ya mtoto, wakiwa na tofauti wazimalize faraghani. Simaanishi kwamba anyamaze anapoona dalili za mirungi au unga wa kulevya, kwani janga hilo limeingia mitaani mwetu na kila mtu mzima ana wajibu wa kusema. Bali aanze kwa kumwambia mzazi.

Suala la malazi ni zito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Baba wa kambo, ndoa ikishatimia kwa kuingiliana, huwa maharimu wa binti wa mkewe, yaani hawawezi kuoana kamwe na binti halazimiki kujisitiri mbele yake kama mbele ya mgeni, lakini mwanawe wa kiume aliyezaliwa na mke mwingine si maharimu wa binti huyo, ingawa wanakula sahani moja na watu huwaita ndugu. Nyumba zetu za kale za mawe zina misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, inayofuatana kutoka kiwandani, yaani uani, hadi ndani, na mara nyingi kinachotenga chumba na chumba ni pazia tu. Msichana aliyebaleghe hulazimika kujisitiri hata anapotoka kuoga, akawa hana pahali pa kupumzika katika nyumba anayoambiwa ni yake. Suratun Nur, aya ya 58 na ya 59, imefundisha watoto kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha, na wakishabaleghe wabishe kila wakati. Mafundisho haya yawekwe kuwa kanuni ya nyumba tangu siku ya kwanza, na patiwe mlango pale panapowezekana, kabla aibu haijatokea.

Kuna pia baba aliyemzaa. Wapo wanaokata masurufu mara tu wanaposikia kwamba mtalaka wao ameolewa, kwa hoja kwamba sasa yupo mwanamume mwingine wa kumlisha mtoto. Hoja hiyo haina msingi katika dini, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imewapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Baba anayejiondoa namna hii humwachia mwanawe jeraha, kisha jeraha hilo hulipwa na mume wa mama, ambaye hakulisababisha.

Mirathi nayo isifichwe: mwana wa kambo harithi kwa sheria ya Kiislamu, ila anaweza kuusiwa ndani ya theluthi ya mali ya marehemu, na ni heri alijue hilo kwa mlezi wake kuliko kulisikia matangani.

Haya yote yanaweza kuzungumzwa katika kikao kile kile cha posa, wajomba na bibi wa mtoto wakiwapo, kwa kuwa wao ndio watakaokimbiliwa nyumbani pakichafuka. Na kijana mwenyewe aitwe, si ili aikubali au kuikataa ndoa ya mamake, bali ajue mapema atalala wapi, karo yake italipwa na nani, na kama mume wa mamake atamwita baba au ami.