Rafiki mmoja au kikundi? Mjadala wa vijana wenye ulemavu wa akili Uingereza

Uingereza, kijana mwenye ulemavu wa akili aliye mpweke hutafutiwa urafiki kwa njia mbili. Ama anaunganishwa na mtu mmoja wa kujitolea wawe wanatoka pamoja, ama anaingizwa kwenye kikundi cha vijana wenzake chenye watu wachache wa kujitolea: leo sinema, wiki ijayo pizza. Wataalamu wengi huisifu njia ya kwanza na kuivumilia ya pili.

Sababu zao si za kubeza. Kwa miongo mingi watu hawa walirundikwa katika hospitali kubwa, na ripoti ya mwaka 1969 kuhusu hospitali ya Ely, Cardiff, ilianika ukatili waliofanyiwa humo. Mwaka 1972 Wolf Wolfensberger, msomi wa masuala ya ulemavu, akatoa kitabu kilichowapa wengi hoja hii: watu wanaodharauliwa wakikusanywa pamoja, dharau huongezeka. Mpita njia hamwoni tena kijana apendaye muziki, anaona msafara.

Mfano unaopendwa unatoka Brighton. Bendi ya panki ya Heavy Load, iliyokuwa na wanamuziki wenye ulemavu wa akili, iligundua kwamba ikifika saa tatu usiku mashabiki wake wenye ulemavu kama huo wanaondoka, kwa kuwa zamu za wahudumu wanaowasaidia zinaisha saa nne. Kutokana na hasira hiyo ikazaliwa kampeni ya Stay Up Late, na baadaye Gig Buddies, mpango unaomkutanisha kijana na mtu mmoja wa kujitolea anayependa muziki uleule. Mpango mzuri kabisa.

Ni rahisi kuigeuza saa tatu hiyo iwe hoja dhidi ya vikundi. Mimi siioni hivyo. Aliyewatoa ukumbini si wenzao, ni ratiba ya zamu. Hata angekuja mmoja tu na mhudumu wake, angeondoka saa ileile, wimbo ukiwa katikati.

Kinachosahaulika ni yanayotokea masomo yakiisha. Kwa sheria ya 2014, kijana wa England mwenye mahitaji maalumu anaweza kuwa na mpango wa msaada wa elimu hadi miaka 25. Siku mpango huo unapokoma, gari la kumpeleka chuoni haliji tena. Watu husema kijana huyu hana marafiki. Anao! Ila rafiki yuko mtaa wa tatu, hakuna kati yao awezaye kupanda basi peke yake, na mama wa huyu hana namba ya simu ya mama wa yule. Kumletea mtu mgeni mwenye moyo wa huruma ni kumtibu ugonjwa mwingine. Kikundi kinamrudishia watu wake.

Tena mtu wa kujitolea ana maisha yake. Anapata kazi Manchester, anaoa, anahama, na kijana anabaki kuuliza atakuja Jumamosi ipi. Kwenye kikundi akiondoka huyo, wenzake bado wapo. Na wenzake hao hawamhurumii: wanamtania, wanamnunia, wanamwomba awahesabie chenji kwa kuwa yeye anajua kuhesabu. Wawili wawili, mara nyingi mmoja ni mtoaji na mwingine ni mpokeaji hadi mwisho.

Sivitetei vyote. Vipo vikundi ambavyo kiongozi huchagua sinema, chakula na hata saa ya kurudi, kisha huwahesabu vijana mlangoni ili mfadhili apate takwimu. Mfadhili angeuliza jambo jingine: kati ya safari moja na nyingine, nani alimpigia nani simu? Kikundi ambacho kimetimiza miaka miwili na hakuna hata wawili waliowahi kutembeleana nyumbani, hicho nakubali kifungwe.