Chipsi Si Tuzo, Jamani

Wiki iliyopita kundi la WhatsApp la wazazi wa gredi ya nne liliwaka moto, na aliyewasha ni mimi. Mwalimu alikuwa ametuma tangazo lenye makofi na vikatuni vya kucheka: kila mwanafunzi atakayetimiza lengo lake la kusoma atazawadiwa kwa kupelekwa mjini kula chipsi kuku na soda. Kila Ijumaa, muhula mzima. Wazazi tutume shilingi 350 kwa till, asanteni kwa ushirikiano.

Nikauliza swali moja tu: kwa nini chipsi?

Mungu wangu. "Baba Ciku, usiwe mkono birika." "Watoto wana presha ya mtaala wa CBC, wacha wafurahie." Mmoja akatuma picha ya mbuzi anatafuna sukuma wiki, akaandika jina langu chini yake. Mwalimu, kwa ule upole wake, akajibu "Tumekusikia, mzazi", na sisi sote tunajua maana yake ni kwamba hakuna aliyesikia chochote. Basi nitasemea hapa, ambako hakuna admin.

Kwanza, sina ugomvi na kiazi. Nitaanzia wapi, mtu wa Molo? Nimelelewa na waru, yaani viazi: za kuchemsha, za mukimo, za kuchanganya na njegere, za kuchoma kwenye jivu tukichunga ng'ombe. Kiazi kilichochemshwa na ganda lake kina potasiamu, kina vitamini C, na kinashibisha kuliko mikate mingi inayouzwa mjini. Wanaokuja na mawaidha yao ya kutuambia wanga ni sumu waende wakawaambie watu wa Elburgon wanaopakia viazi vya Shangi kwenye malori saa kumi usiku. Ugomvi wangu ni na mambo mawili yaliyomo kwenye ule ujumbe wa mwalimu: "kila Ijumaa" na "atazawadiwa".

Waliokulia upande huu miaka ya themanini na tisini wanazikumbuka chapati. Chapati zilikuwa na tarehe. Krismasi, Pasaka, arusi, siku mjomba anakuja kutoka Nairobi na mkoba. Tarehe 24 jioni mama anakanda unga, nyumba nzima inanukia mafuta, na watoto wa jirani wanapata sababu za ajabu za kuja kuazima chumvi. Tulikula hadi tukashindwa kusimama. Na hakuna aliyepata madhara, kwa sababu siku zilizobaki za mwaka ni githeri, uji, managu, na kutembea kwenda shule kwa miguu, uende kilomita ngapi usijali. Chakula kizito kilikuwa cha sherehe, na sherehe ilikuwa inaisha.

Sisi tumebaki na sherehe, tukatupa kalenda. Hebu chukua wiki ya mtoto wa kawaida wa mitaa yetu ya Nakuru, Section 58 au Free Area, wala si mtoto wa tajiri. Ijumaa, chipsi za shule. Jumapili mkitoka kanisani mnapita Kenyatta Avenue, chipsi, maana mama amechoka na ni siku ya Bwana. Jumanne kuna pizza mbili kwa bei ya moja, nani ataiacha? Katikati ya wiki mwanafunzi mwenzake ana bathidei, na tangu lini bathidei ya Nakuru ikakosa karai la chipsi? Hapo hatujahesabu ile jioni stima imepotea, gesi imeisha, na baba akaingia na mfuko wa karatasi umelowa mafuta chini. Bado tunaita hiyo "kuwatoa watoto". Kuwatoa wapi? Wanaishi huko!

Hili la mara ngapi kwa wiki ndilo linaloamua kila kitu, na limepimwa. Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata vijana zaidi ya 3,000 kwa miaka 15. Waliokuwa wakila kwenye migahawa ya vyakula vya haraka zaidi ya mara mbili kwa wiki waliongeza takribani kilo 4.5 zaidi ya wenzao waliokula huko chini ya mara moja kwa wiki. Si kilo tu. Ukinzani wa miili yao dhidi ya insulini uliongezeka mara mbili ya ule wa wenzao. Kwa lugha ya nyumbani: kongosho linatoa insulini, insulini inabisha mlango wa seli ili sukari iingie, seli zinajifanya hazisikii, kongosho linaongeza sauti, na baada ya miaka ya kupiga kelele linachoka. Hapo ndipo daktari anaanza kukuandikia metformin, dawa ya kisukari. Zaidi ya mara mbili kwa wiki, nasema. Mtoto wa Section 58 amevuka hapo kabla ya Jumatano, na utafiti ule ulikuwa wa watu wenye miaka 18 kwenda juu. Wetu wana miaka tisa.

"Lakini atakula kidogo tu, Baba Ciku." Hapana, hatakula kidogo, na hiyo si tabia mbaya ya mtoto. Mwaka 2019, tena Marekani, watafiti waliwaweka watu wazima 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili wakapewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anachotaka. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku na kuongeza karibu kilo moja kwa wiki mbili, na walikuwa wanakula kwa haraka zaidi. Hawakuwa walafi. Walikuwa watu kama wewe, na chakula chenyewe kiliwavuta.

Turudi kwenye neno zawadi, kwa sababu hapo ndipo damu yangu huchemka. Ukimwambia mtoto "maliza managu ndio upate chipsi", umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba managu ni kazi na chipsi ni mshahara. Umefanya hivyo kwa mdomo wako, mezani pako, na kesho unashangaa kwa nini anafinya uso akiona kitu cha kijani. Sasa mwalimu naye anaweka muhuri. Akisoma vizuri, chipsi. Akiongoza, chipsi. Akiugua malaria na kupona, chipsi ili apate nguvu. Akilia kwa sindano, twende tukununulie chipsi. Mtoto huyu akifika miaka 25, bosi amemfokea, mpenzi amemwacha, mshahara umechelewa, unadhani atatafuta faraja wapi? Kwa terere? Tumemwekea hiyo njia tangu chekechea, tukaipaka lami na kuiwekea taa.

Na shangazi wapo kumalizia kazi. Mtoto akinenepa wanampapasa mashavu: "Huyu analishwa! Mzazi wake ana pesa." Mwembamba mwenye mbio za swara anaulizwa kama ana minyoo. Kumbe uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wa Kenya wana uzito uliopita kiasi, na zaidi ya nusu hawajawahi hata mara moja kupimwa presha. Hawajawahi! Mtu anajua shinikizo la hewa kwenye tairi za bodaboda yake, lile la damu yake hajui.

Na sasa nitasema kitu ambacho hakitapendwa kule kundini. Kundi hilohilo, mapema mwaka huu, lilichanga bili ya hospitali ya mzazi mwenzetu aliyepata kiharusi. Tulituma pesa hadi usiku, watu walijitahidi sana. Sisemi chipsi ndizo zilizomwangusha. Kiharusi kina njia nyingi. Ila tunajua mlango mkubwa kuliko yote ni presha, na tunajua chumvi inavyoipandisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na unga wa kukaangia kuku. Mtoto apate pungufu ya hapo. Halafu nenda kibandani uangalie yule kijana anavyotikisa kile kikopo chenye matundu juu ya chipsi, akikupa mgongo, huku anaongea na simu. Nani anahesabu?

Soda nayo. Chupa ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, vijiko saba vya chai na kitu. Ukimwona mtoto wako anatia vijiko saba kwenye kikombe cha chai utampokonya kikombe na kijiko. Ikiwa baridi na ina mapovu, unamlipia.

Mafuta nitayapitia haraka maana nikianza sitaisha. Mafuta ya jana yanaongezewa ya leo, ya leo yanangoja ya kesho, yakishakuwa meusi na kutoa povu wanasema ndiyo yenye ladha. Mafuta yakichemshwa tena na tena huvunjikavunjika na kutoa vitu ambavyo mishipa ya damu haivitaki. Wenye stima wenyewe wamewahi kulalamika kwamba mafuta ya transfoma yanaibwa na kuishia kwenye kukaangia chipsi, na nchi nzima ikacheka, ikaendelea kula. Smoki, zile soseji za pale geti: tangu 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, ya utumbo mpana hasa. Mtoto anakula mbili akisubiri basi la shule.

Kwa kweli hili la chipsi tunalipigia kelele pasipofaa. Mnakumbuka Januari 2022, KFC walipoishiwa chipsi kwa sababu meli zimechelewa? Kenya iliungua. Watu wa kaunti hii tulikuwa mstari wa mbele: vipi viazi vitoke ng'ambo na vya Molo vinaozea shambani? Nilikasirika kama wengine na bado naona mkulima alionewa. Lakini katika kelele zote zile za hashtagi, swali lilikuwa ni kiazi cha nani kiingie kwenye mafuta. Hakuna aliyeuliza mbona tunakosa usingizi kwa siku chache bila chipsi.

Haya, wanaozitegemea chipsi nitawapa haki yao, kwa shingo upande. Mama anayefunga kibanda soko la Wakulima saa mbili usiku, mwenye nyumba hataki jiko la makaa, gesi imepanda, githeri inataka saa tatu motoni: chipsi za mia moja zinamfikia kwa dakika tano, za moto, na mafuta yanayochemka hayaachi kijidudu. Kachumbari ya pembeni ndiyo ya kuogopa kipindupindu kikiingia mjini. Yule kijana mwenye karai naye anasomesha ndugu zake. Siwezi kumhukumu mama huyo, na yeyote anayetoka Milimani na gari lake kwenda kumhukumu anyamaze.

Shule lakini haina kisingizio cha gesi. Shule ina jiko, ina mpishi, ina saa nane za mtoto kila siku, na haifungi saa mbili usiku ikiwa imechoka. Ikiamua kutoa tuzo, inachagua. Imechagua karai.

Mnataka mahali pa kuwapeleka waliosoma vizuri? Hyrax Hill ipo hapo barabara ya Nairobi, dakika chache kutoka mjini, na wengi wetu tumeipita maisha yetu yote bila kugeuza shingo. Mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi na makao ya watu wa kale. Kuna mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba, kila mtoto anaweza kukaa pale akacheza na vijiwe. Nauli haifiki nusu ya zile 350. Nimemwandikia mwalimu faraghani kwamba niko tayari kuwasindikiza, na nitabeba mahindi ya kuchemsha na njugu za kutosha darasa zima. Maji kila mtoto aje na yake.