Nyumba ya wageni Pwani: faida ni ya jengo au ya anayeiendesha?

Wauzaji wa nyumba za ghorofa Pwani ya Kenya wana hesabu moja wanayoipenda. Nyumba ya vyumba viwili Nyali au Diani, ukimpa mpangaji wa kawaida, atakulipa tuseme shilingi 55,000 kwa mwezi. Ukiiweka Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku, kwa 7,000 kwa usiku, mwezi ukijaa unashika 210,000. Wanaopigiwa zaidi hesabu hiyo ni Wakenya walioko Ghuba, Uingereza na Marekani, ambao hununua jengo likiwa bado msingi na hawako karibu kuwauliza majirani. Viwango hivi nimevichukua kama mfano wa kupigia hesabu. Nyumba ikiwa kubwa zaidi au ndogo zaidi, mwendo wa hesabu ni uleule.

Faida za kweli zipo. Mgeni hulipa kabla hajashika ufunguo. Aliyewahi kukaa na mpangaji mwenye malimbikizo ya miezi minne, ambaye halipi na hahami, anajua thamani ya jambo hilo. Nyumba pia inabaki mkononi mwako: ukitaka kuja na watoto Agosti, unafunga tarehe zako na hakuna wa kukuuliza. Wageni nao hawajabuniwa na matangazo. Tangu treni ya SGR ya Nairobi na Mombasa ianze safari mwaka 2017, na sasa barabara ya Dongo Kundu imewaepusha wanaokwenda Diani na foleni ya kivuko cha Likoni, familia nyingi za bara zinateremka Pwani bila kupitia hoteli. Watu wanane wanachanga, wanakodi nyumba yenye jiko, wananunua samaki asubuhi na kujipikia. Kwao hoteli ni ghali, na nyumba hizi zimewafungulia bahari. Hilo ni jambo jema.

Lakini ile 210,000 haipo. Hakuna nyumba inayojaa siku 30 mwaka mzima. Desemba na Pasaka utakataa watu. Mei, masika yakinyesha na watoto wakiwa shuleni, utapunguza bei na bado simu isilie. Tuseme kwa wastani umepata siku 20 kwa mwezi, ambazo si haba. Hizo ni 140,000. Msimamizi anayepokea wageni anachukua asilimia 20, yaani 28,000. Usafi na dobi, 10,000. Tokeni za umeme, 15,000, kwa sababu mgeni huacha kiyoyozi kikinguruma naye yuko ufukweni. Intaneti na maji, 7,500. Ada ya mtandao wa kukodisha, tuiweke asilimia 3 ingawa mingine hukata zaidi, ni 4,200. Gesi, sabuni na karatasi za chooni, 5,000. Matengenezo, 7,000. Kinachobaki ni 63,300.

Mpangaji wa kawaida angekupa 55,000 na kujilipia umeme na maji mwenyewe. Umemzidi kwa 8,300. Hapo hatujagusa samani: vitanda, friji, viyoyozi, televisheni, mashuka ya akiba. Ukitumia 800,000 na vikadumu miaka mitano, ni zaidi ya 13,000 kwa mwezi. Ile ziada imemezwa yote na umebaki na pengo. Wageni wakishuka hadi siku 15, unakuwa chini ya kodi ya mpangaji hata kabla ya kuhesabu kitanda kimoja.

Sasa futa mstari mmoja tu, ule wa msimamizi, uifanye kazi hiyo mwenyewe. Unabaki na 91,300. Nadhani hapa ndipo mjadala wote ulipo. Sehemu kubwa ya pesa inayosifiwa kama mapato ya nyumba ni mshahara wa mtu anayeiendesha. Aliyeko Doha anayemlipa mtu mwingine mshahara huo hana haki ya kuutarajia tena kama faida.

Na ni kazi hasa. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Katikati hapo mtu anabadilisha mashuka, anazoa mchanga ulioziba bomba la bafu, anahesabu taulo, anagundua rimoti ya kiyoyozi haipo na kuanza kumpigia mgeni ambaye tayari yuko kwenye treni. Maji ya mfereji yakikatika, na Mombasa hukatika sana, ni yeye anayetafuta lori la maji. Upepo wa bahari nao una chumvi. Kiyoyozi, ile sehemu yake ya nje, huanza kuliwa na kutu mapema, vitasa hukwama, kioo cha bafuni huota madoa meusi pembeni. Mpangaji wa mwaka mzima huvumilia kitasa kigumu. Mgeni wa siku mbili hukipiga picha na kukiweka kwenye maoni, na maoni hayo ndiyo yatakayosomwa na mgeni wa kesho.

Serikali nayo huzitazama biashara hizi mbili kwa macho tofauti. Pango la nyumba ya makazi lina utaratibu mwepesi wa kodi: tangu Januari 2024, mkazi wa Kenya anayekusanya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA, mamlaka ya mapato, asilimia 7.5 ya alichokusanya. Nyumba ya wageni ni biashara, yenye vitabu vyake na kodi ya biashara, na mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka inaingia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Tena Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za aina hii Nairobi, mamlaka ya kudhibiti utalii iliagiza zote zisajiliwe. Mimi naliona agizo hilo kuwa la haki, na lilichelewa. Mwenye nyumba asiyejua ni nani amelala kwake ni hatari kwa jengo zima. Sheria pia zinaweza kukaza zaidi. Juni 2024 jiji la Barcelona lilitangaza kwamba vibali vya nyumba zake za watalii, zaidi ya 10,000, havitaendelea kupita Novemba 2028. Sisemi Mombasa itafanya vivyo hivyo, ila anayekopa kwa miaka 15 anapaswa kuliweka hilo kwenye hesabu yake. Machi 2020 Kenya ilifunga anga kwa ndege za abiria kutoka nje hadi Agosti, na madeni ya mikopo hayakufutwa.

Kuna na majirani. Mzee anayeishi ghorofa ya tatu hakununua makao yake ili kila wikendi akutane na sura ngeni kwenye ngazi na muziki hadi alfajiri. Shela, kule Lamu, nyumba nyingi za mawe zimeshaingia mikononi mwa wageni kutoka Ulaya, na kijana wa pale anayetaka kuoa na kujenga anashindana na pesa asizoweza kuzifikia. Anayefaidika na uzuri wa mji anadaiwa na wenyeji wake.

Kwa hiyo, kama unaishi Mombasa au una ndugu unayemwamini na unayemlipa vizuri, na nyumba tayari ni yako bila deni, pokea wageni. Unaweza hata kuepuka pilikapilika kwa kulenga wanaokaa miezi miwili au mitatu, watumishi wa miradi na watu wanaosubiri nyumba zao zikamilike. Kama unakopa ili ununue, pima kwa kodi ya mpangaji wa kawaida tu. Ikishindwa kubeba deni kwa 55,000, iache. Pesa ina mahali pengine pa kwenda: hati fungani ya miundombinu ya Februari 2024, yaani pesa unazoikopesha serikali, ilitoa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka bila kodi, na kama nyumba hii bei yake ni, tuseme, milioni tisa, pesa hizo zingezaa zaidi ya milioni 1.6 mwaka wa kwanza.

Ukiwa bado unaitaka, mwombe muuzaji rekodi za wageni za miezi 12, Mei ikiwemo. Jengo likiwa jipya, mtume ndugu yako usiku wa katikati ya wiki mwezi huo kwenye jengo la jirani, azungumze na mlinzi, na ahesabu ni madirisha mangapi yana taa.