Skima Yenye Utata: Kuikataza au Kuiruhusu?

Kanuni ya `figure`, elementi (kijenzi cha ukurasa) ya kuwekea picha katika HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ni nyepesi: maelezo ya picha, `figcaption`, hutangulia au huja mwishoni, au hayapo kabisa. Ukiiandika kama inavyosemwa katika skima, yaani maelezo rasmi ya mpangilio unaoruhusiwa katika hati, utapata njia mbili: `figcaption` kisha maudhui mengine, au maudhui mengine kisha `figcaption` ya hiari. XML Schema, lugha ya kuandikia skima ya W3C (shirika la viwango vya wavuti), iliyotoka 2001, inaikataa skima hiyo. Maudhui ya njia ya pili yanaweza kuwa matupu, kwa hiyo kihakiki, programu inayokagua hati kwa skima, kikikuta `figcaption` mwanzoni hakijui kimeshika njia ipi. Huo ndio utata, na sharti la XML Schema linataka kijue papo hapo bila kuchungulia mbele. Ukurasa wenyewe hauna kosa lolote.

Sharti hili lina mizizi katika SGML ya 1986, lugha iliyoitangulia XML, na watetezi wake wana hoja nzito. Kihakiki husoma hati mara moja bila kurudi nyuma, na hueleza wazi kosa lilipo. Programu zinazogeuza hati kuwa data nazo hujua kila elementi imetokana na sehemu ipi ya skima. Kwa ankara na miamala ya benki naikubali hoja hiyo bila kusita.

Kurasa za wavuti, hata hivyo, huhakikiwa kwa swali moja tu: ni halali au si halali? RELAX NG, lugha nyingine ya skima, ya James Clark na Murata Makoto, haijali utata. Kihakiki kinaweza kufuata njia zote kwa pamoja, na ikifika salama hata moja, hati imepita. Henri Sivonen aliitumia katika kihakiki chake cha HTML5, Validator.nu.

Mtu atasema: andika upya. Kwa `figure` inawezekana. Njia ya pili ianze na angalau kipande kimoja cha maudhui, kisha kundi zima liwe la hiari. Lakini mwaka 1998 watafiti Anne Brüggemann-Klein na Derick Wood walionyesha kwamba kuna mipangilio isiyoandikika bila utata kwa namna yoyote. Mfano ni mfuatano huru wa `a` na `b` ambao kipande cha pili kutoka mwisho lazima kiwe `a`. Hapo mwandishi hulazimika kulegeza skima, na makosa halisi yanapita. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi: sharti la kulinda usahihi linaupunguza.

W3C yenyewe ililegeza sharti kidogo katika toleo la 1.1 la XML Schema, la 2012: elementi iliyotajwa kwa jina ikigongana na nafasi iliyoachwa wazi kwa elementi yoyote, yenye jina ndiyo hushinda. Utata wa `figure` haukuguswa, na ndiyo maana kwa HTML ningeandika skima kwa RELAX NG.