Soma ripoti ya CRB kabla ya kuweka arubuni

Matangazo yale yamerudi. Yako kwenye nguzo za stima, yako Facebook, na sasa yameingia hadi kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanaotafuta nyumba: "Tunatoa jina CRB ndani ya saa 24," yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo hapa Kenya. Na watu wazima, wenye mishahara na Sacco zao, wanaosaka nyumba ya milioni 6, wanamtumia mtu wasiyemjua hata sura nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA.

Hakuna wakala wa kukutoa CRB. TransUnion, Metropol na Creditinfo hutunza kile kilicholetwa na mkopeshaji, na rekodi hairekebishwi mpaka mkopeshaji huyo akubali kwamba umelipa au kwamba alikosea. Fundi wako wa saa 24 atafanya moja kati ya mawili: atalipa deni la KSh 1,400 kwa pesa zako mwenyewe kisha ajiite mtaalamu, au atakuchorea cheti cha kutokuwa na deni. Cheti cha kuchora huenda kikapita kwa mwajiri mvivu. Kwenye mkopo wa nyumba hakina kazi, hata kingekuwa halali, maana afisa wa mikopo hukuvutia ripoti yako mwenyewe kutoka kwenye mfumo.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Cheti kinasema kwamba leo huna deni lililolala. Ripoti inaeleza ulivyoishi na madeni yako: kila akaunti, iliyo wazi na iliyofungwa, ulikopa kiasi gani, salio ni ngapi, ulichelewa siku ngapi, na ni wakopeshaji wangapi waliokuchungulia karibuni. Akaunti unayolipa vizuri sasa bado inaweza kuonyesha kwamba uliwahi kuchelewa. Taarifa mbaya hukaa miaka 5 kuanzia siku ulipomaliza kulipa. Narudia: ulipomaliza kulipa. Yule aliyeacha KSh 3,000 za mkopo wa simu tangu 2019 akitumaini zitaoza zenyewe, saa yake haijaanza hata kuhesabu.

Sasa angalia mpangilio wetu wa mambo. Mtu anaona nyumba Jumapili, anaipenda, wakili anaandaa mkataba, arubuni ya asilimia 10 inatoka, na siku 90 za kukamilisha zinaanza kukimbia. Kwa nyumba ya milioni 6 hizo ni KSh 600,000. Benki bado haijafungua faili. Wiki ya tatu inagundua doa kwenye ripoti. Unalipa siku hiyohiyo, lakini mkopeshaji wa zamani anapeleka taarifa zake kwa mafungu, na fungu la mwezi huu limeshaondoka. Wiki ya saba unaambiwa mfumo bado unaonyesha deni. Wakili wa muuzaji anaandika notisi akikukumbusha kipengele cha kupoteza arubuni, ambacho ulikitia sahihi bila kukisoma. Ada ya mthamini nayo ilitoka mfukoni mwako na hairudi. Yote hayo kwa sababu ya ripoti ambayo ungeipata bure.

Ndiyo, bure. Kanuni za CRB za 2020 zinakupa ripoti moja kwa mwaka kutoka kila kampuni bila malipo, na nyingine bure ukinyimwa mkopo kwa sababu ya taarifa zao, mradi uiombe ndani ya siku 30 za kupewa notisi. TransUnion wana programu ya Nipashe. Metropol wana *433#. Ukiona unasukumwa kununua alama za mkopo (credit score) peke yake, achana nazo, dai ripoti kamili. Alama za Metropol huanzia 200 hadi 900 na ni tamu kutangaza kwa marafiki, lakini hazikuambii ni akaunti gani inayokuangusha. Kujiangalia mwenyewe hakukupunguzii chochote. Kinachoacha doa ni kupeleka maombi benki tano kwa wiki moja.

Chukua ripoti zote tatu, miezi mitatu hadi sita kabla ya kuweka arubuni. Kila kampuni ina faili yake, na kosa lililofutwa kwa moja linaweza kubaki limekaa raha mustarehe kwa nyingine.

Ukizipata, anza na jina, kitambulisho na PIN. Tarakimu mbili zikipishana, unabebeshwa madeni ya mtu wa kaunti nyingine. Halafu tafuta vitu hivi ambavyo karibu kila mtu huvisahau: akaunti ya mshahara ya kazi ya zamani iliyoingia hasi kwa sababu ya ada za mwezi, kadi ya mkopo uliyopewa na hukuitumia, lakini ada ya mwaka ikaendelea kula, mkopo wa masomo wa HELB, mkopo wa mtu uliyemdhamini, na laini ya pili iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako (piga *106# uone). Na kama ulifurahia msamaha wa mikopo ya simu wa Novemba 2022, kumbuka msamaha huo ulipunguza angalau nusu ya deni, na kiasi kilichobaki kilipaswa kulipwa kufikia 31 Mei 2023. Walioshindwa walirudishwa palepale. Wengi bado wanaamini walisamehewa.

Ukikuta deni la kweli, omba mkopeshaji akupe kwa maandishi salio la leo na nambari sahihi ya akaunti ya mkopo. Usilipe kwa kukisia. Ukibakiza KSh 40, akaunti haifungwi. Dai barua ya kumaliza deni yenye tarehe. Kisha ipeleke wewe mwenyewe kwa kampuni zote tatu pamoja na nakala ya kitambulisho, na usitulie mpaka uone ripoti mpya. Ikiwa deni si lako, andika pingamizi kwa kampuni na kwa mkopeshaji siku moja, utunze nakala.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Benki Kuu imefanya kitu. Tangu 2020 deni lisilofika KSh 1,000 halikuweki kwenye orodha mbaya, na zile programu za mikopo zisizo na leseni zilifungiwa mlango wa CRB. Haya, asanteni. Lakini mkopeshaji anayekuonya siku 30 kabla ya kukuandikisha, kwa ujumbe wa vitisho, mbona anakuwa bubu ukishalipa? Ni lini uliona mmoja akitozwa faini hadharani kwa kuliacha jina la aliyemaliza deni likining'inia mwaka mzima? Mtu anapoteza nyumba, wao wanakujibu kwamba "mfumo unasasishwa."

Ripoti ikiwa safi, bado kuna ile theluthi ya mshahara ambayo makato hayaruhusiwi kuigusa. Piga hesabu hiyo na hati ya mshahara mkononi kabla ya kupanda matatu kwenda benki.

Na mkikopa kama mume na mke, ripoti za kusoma ni 6. Mwambie mwenzako mapema, maana Fuliza yake, ule mkopo wa M-Pesa, utaiona tu.