Gunia la korosho na ng'ombe wa Leeuwarden

Wiki iliyopita nilinunua korosho dukani hapa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi. Zimekaangwa, zimetiwa chumvi, na nyuma ya pakiti imeandikwa Vietnam. Mimi mtoto wa Newala, kusini mwa Tanzania, niliyeonja uraka, pombe ya mabibo ya korosho, kabla ya umri, nikacheka peke yangu. Vietnam inanunua korosho ghafi kwetu, Kambodia na Afrika Magharibi, inabangua, yaani inazitoa ganda, inauza dunia nzima. Huenda hizi zilitoka shambani kwa mjomba.

Mji huu una sanamu ya ng'ombe. Wenyeji wanamwita Us Mem, yaani Mama Yetu. Mwanzoni niliona kichekesho. Mtaani kwangu hakuna mfugaji, lakini jirani mmoja anaendesha lori la maziwa, wa pili anachomelea matangi, mkewe anapima maziwa maabara, kijana wao anasomea mashine za kufungashia jibini. Wote wanakula kwa ng'ombe bila kushika chuchu.

Kwetu korosho ikishapita mnadani inapakiwa kwenda bandari ya Mtwara, basi. Ganda lenye mafuta yanayotumika kwenye rangi na breki za magari limeondoka nayo, na kazi ya kubangua pia. Hata magunia ni ya nyuzi za jute, mengi yanatoka Bangladesh na India, ilhali Tanga kuna mkonge! Hili linaniuma kuliko bei. Kila msimu tunagombania bei ya kilo, makato ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, na kangomba, walanguzi wanaonunua kwa magendo. Nani atashona gunia, hatuulizi.

Na msinijibu "tujenge viwanda". Tulivijenga. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilikopa, vikasimama Newala, Masasi, Lindi na kwingineko. Lakini miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa mbali ikaliwa na pori, na mavuno yakaporomoka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mashine zimefika, cha kubangua hakuna. Baadaye viwanda vikauzwa, vingine vikawa maghala ya korosho ghafi.

Leo mikorosho ipo, ila mbanguaji wa ndani anatakiwa anunue malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi michache ya mnada, kwa riba ya benki zetu, akishindana na mnunuzi aliyekopa nje kwa riba nafuu. Hapo ndipo ningeanzia mimi, kwenye huo mkopo, kabla ya kukata utepe wowote.

Mama mdogo bado anabangua nyumbani. Anachoma kwenye bati, anapasua moja moja, anauza kwa vifuko stendi. Mafuta ya ganda yamembabua vidole. Nikamtumia glavu. Kanijibu kwamba ukivaa hizo, korosho inateleza, ila amempa mjomba, zinamfaa wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho.