Chungu cha Nyanya Ngomeni

Nyanya alinituma Marikiti, sokoni hapa Mombasa, nimnunulie chungu cha kupikia mchuzi wa samaki. Sufuria hataki kuisikia, ati inamfanya changu anuke bati. Nikapata kizuri, kimeungua vyema upande mmoja, bei imeandikwa kitakoni kwa mkaa: 300.

Ningerudi nyumbani moja kwa moja, yangeisha. Lakini nilikuwa na binamu yangu kutoka bara, naye kashikilia lazima aingie Ngomeni. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale nimwachie mtu mwingine amweleze mgeni wangu habari za Fort Jesus? Thubutu! Chungu kwapani, nikaanza kumwaga elimu: Wareno wameijenga kuanzia 1593 hadi 1596, ramani kachora Mtaliano, Cairati, na ukiitazama kutoka juu utaona mtu amelala, kichwa, mikono, miguu. (Kutoka juu sijaitazama hata siku moja.)

Tukafika kwenye ukumbi wa makumbusho, penye vyungu na vigae vilivyofukuliwa huku pwani, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira. Sasa meli kuzama utaisimuliaje kwa mkono mmoja? Nikakitua chungu kwenye kijukwaa, kando ya mtungi mkubwa, nikaizamisha meli kwa mikono miwili. Binamu alifurahi mno. Tukatoka kwenda kupiga picha mizinga.

Niliporudi mbio, chungu cha Nyanya kilikuwa kimezungukwa na wanafunzi kama ishirini, daftari mikononi. Mmoja anakichora, ulimi nje, hata lile doa la moshi hakuliacha.

"Samahani, watoto," nikasema, nikakibeba.

"Mwalimu! Mwizi!"

Mlinzi alinifikia kabla sijafika mlangoni. "Bwana, rudisha hicho."

"Ni changu."

"Mali ya Wareno imekuwa yako tangu lini?"

Nikamtafuta binamu anishuhudie. Damu yangu mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta, anasoma maelezo kwa bidii ambayo angekuwa nayo shuleni angekuwa daktari leo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Waingereza waliigeuza ngome hii jela, na ilibaki jela hadi 1958. Vyumba si vipo?

Nikakipindua chungu. Mlinzi akainama, akasoma. Akapitisha kidole, mkaa ukamganda.

"Mia tatu," akasema polepole. "Marikiti?"

"Marikiti."

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Mwalimu hakucheka, aliwaambia watoto wafunue ukurasa mpya. Yule mchoraji alinitazama kwa chuki hadi nje ya lango.

Nyumbani nikamsimulia Nyanya yote, nilivyoitwa mwizi mbele ya kadamnasi. Hakunisikiliza. Alikuwa amekipindua chungu, macho kayafinya kwenye mkaa.

"Mia tatu?" akasema. "Mjukuu wangu, mwizi si wewe. Wewe ndiye uliyeibiwa."